Bati, wolframi na ukanda mmoja wa mawe uliogawanywa na nchi tano

KAMPALA. Ukitaja bati jijini Kampala, wengi watafikiria paa la nyumba. Lakini bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni metali laini yenye rangi ya fedha, inayoyeyuka kwa nyuzi joto 232 tu, na kazi yake kubwa siku hizi ni kuunganisha vipande vya ndani vya simu, redio na kompyuta. Jirani yake katika miamba ni wolframi, ambayo wengine huiita tungsteni, nayo ni kinyume kabisa: haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3,422, kiwango ambacho hakuna metali nyingine inayokifikia. Huwekwa kwenye ncha za mashine za kuchoronga miamba, kwenye vyuma vya kukatia viwandani na kwenye risasi za kutoboa vifaru.

Metali hizi mbili zisizofanana hutoka katika vilima vilevile. Kutoka Kampala ni safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kuelekea kusini-magharibi, hadi Kabale, Rubanda na Kisoro, ambako kuna migodi ya wolframi ya Nyamulilo na Kirwa. Kabla ya kufika huko, msafiri akikata kushoto kuelekea Ntungamo na Isingiro, atakuta migodi ya bati ya Mwirasandu na Kikagati. Akivuka mto Kagera pale Kikagati yuko Tanzania, wilayani Kyerwa, ambako bati linachimbwa pia. Akivuka mpaka wa Kisoro yuko Rwanda, penye Gifurwe, Nyakabingo na Rutongo. Burundi nayo ina bati lake, na upande wa Kongo vilima hivyo hivyo vinaendelea Kivu hadi Maniema.

Kwa muda mrefu habari hizi zilikuwa za wanajiolojia peke yao. Sasa zimekuwa za kila mtu. China, inayozalisha takriban asilimia 80 ya tungsteni ya dunia, iliweka masharti ya kusafirisha metali hiyo nje mwezi Februari 2025, na wanunuzi wa Marekani na Ulaya wakaanza kutafuta kwingine. Mwezi mmoja kabla, waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma, jiji ambalo kwa miaka mingi ni lango la madini ya Kivu. Na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi zote tano zinazogawana mawe haya ni wanachama wa jumuiya moja. Mawe yenyewe yanasomwa bado kwa vipande.

Mwamba mmoja, majina mengi

Mwaka 1919 Mwingereza E. J. Wayland aliwasili Uganda na kuanzisha idara ya uchunguzi wa miamba iliyoweka makao Entebbe, ambako Kurugenzi ya Uchunguzi wa Jiolojia na Migodi ipo hadi leo. Mwenzake A. D. Combe alitembea vilima vya Ankole na mwaka 1932 akatoa kitabu juu ya jiolojia ya kusini-magharibi mwa Ankole na maeneo ya jirani, kikilenga hasa bati. Neno "maeneo ya jirani" lina maana yake. Combe aliona wazi kwamba matabaka aliyokuwa akiyafuata hayakuishia kwenye mto Kagera. Ndiyo maana jina lililozoeleka upande wa Waingereza likawa Karagwe-Ankole, nusu Tanganyika, nusu Uganda.

Ng'ambo ya mpaka, Wabelgiji walikuwa wakichora ramani zao. Matabaka yale yale yakaitwa ya Burundi, na ukanda mzima ukaitwa Kibara, jina lililotokana na milima ya Kibara iliyoko Katanga, mbali sana na Kabale. Mwanafunzi wa Makerere aliyesoma vitabu vya Kiingereza na mwenzake wa Bujumbura aliyesoma vya Kifaransa wangeweza kushika jiwe moja na kulipa majina mawili, umri tofauti na historia tofauti.

Marekebisho makubwa yalikuja mwaka 2010. Luc Tack wa Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, na wenzake walichapisha vipimo vipya vya umri wa miamba, wakaonyesha kwamba ukanda wa kaskazini na ule wa Katanga haukuwa kitu kimoja kinachoendelea. Kati yao kuna kizuizi cha miamba mikongwe zaidi, ile ya Ubende na Rusizi. Wakapendekeza ukanda wa kaskazini uitwe Karagwe-Ankole, na jina Kibara libaki kusini. Jina la Combe likarudi, safari hii likichukua nchi zote tano.

Vipimo hivyo viliweka sawa jambo jingine. Miamba ya moto katika ukanda huu haikutokea mara moja. Wimbi la kwanza ni la miaka milioni 1,375 hivi iliyopita, na ndilo lililoleta nikeli ya Kabanga nchini Tanzania na ya Musongati nchini Burundi. Matale ya bati, yaani granaiti zilizozaa bati na wolframi, ni ya baadaye sana: miaka milioni 986 hivi iliyopita. Anayetafuta bati katika granaiti za wimbi la kwanza anapoteza mafuta ya gari.

Chumvi ya Katwe

Kwa wastani, tani moja ya mwamba wa kawaida wa dunia ina gramu mbili hivi za bati na gramu moja tu ya wolframi. Hakuna mtu atakayechimba hiyo. Ili kupata mgodi, lazima maumbile yakusanye chembe hizo kutoka mwamba mkubwa na kuzirundika mahali padogo, mara maelfu kadhaa. Swali la jiolojia yote ya bati ni moja: nani alifanya kazi hiyo ya kukusanya, na kwa njia gani?

Aliyewahi kuona ziwa Katwe magharibi mwa Uganda anaelewa nusu ya jibu. Jua huchukua maji, chumvi hubaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo chumvi inavyokolea mpaka inaganda. Katika granaiti kinachoondoka si maji, bali fuwele. Tope na mchanga wa kale vilipozikwa chini sana, wakati mabara yalipokuwa yakisukumana, vilipata joto na kuyeyuka vikawa uji wa moto. Uji huo ukipoa taratibu, fuwele za kwanza hujichagulia vitu vinavyowafaa. Bati halichaguliwi. Tope lile lilikuwa na kaboni nyingi, na kaboni huupokonya uji oksijeni. Katika hali hiyo bati huwa na umbo ambalo haliingii kwenye fuwele za kawaida za granaiti. Kila fuwele inapoganda, bati linabanwa katika uji unaobaki, pamoja na lithiamu, boroni, florini na maji.

Mwishoni linabaki tone la mwisho: uji mwepesi wenye maji mengi na kila kitu ambacho hakikutakiwa. Sehemu yake huganda kuwa pegmatiti, ule mwamba wa fuwele kubwa wenye mabamba ya ulanga, na humo ndimo koltani hupatikana. Maji ya moto yanayotoka hapo hupanda juu kwa nguvu, yakipasua miamba iliyo juu ya granaiti, na kuacha katika nyufa jiwe jeupe la kwatsi. Ndani ya mishipa hiyo ya kwatsi ndimo mna kasiteriti, ambayo ni bati na oksijeni, au wolframiti, ambayo ni wolframi pamoja na chuma na manganizi.

Kwa nini mshipa mmoja uwe wa bati na mwingine wa wolframi? Hapa mwamba unaopokea maji una sauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pale Rutongo, karibu na Kigali, mishipa ya bati imekatiza mawe magumu ya mchanga yaliyogeuka kwatsi. Wolframi ya Nyakabingo, Gifurwe na Nyamulilo imekaa katika mwamba mweusi wa tope wenye grafiti, mara nyingi kwenye migongo ya mikunjo, pale ambapo matabaka yamepinda kama mkeka uliosukumwa ukutani. Mnamo 1960 wanajiolojia de Magnée na Aderca waliandika juu ya mstari huu nchini Rwanda na kuuita ukanda wa tungsteni. Ukiurefusha mstari huo kaskazini, unaingia Uganda.

Katika Kirwa na Nyamulilo kuna kioja ambacho wakusanyaji wa mawe duniani wanakifahamu. Fuwele nyingi za wolframi za huko zina sura ya sheliti, madini ya wolframi na kalisi, yenye umbo kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako. Lakini ukizipima, kalisi haipo: ndani ni ferberiti, yaani wolframi na chuma. Fuwele ya kwanza iliondolewa chembe kwa chembe na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine, ganda likabaki lilelile. Maana yake ni kwamba maji yalibadilika baada ya mshipa kuganda. Mchimbaji anayesikia kwamba sheliti hung'aa rangi ya samawati chini ya taa ya mionzi isiyoonekana asiinunue taa hiyo kwa ajili ya Kirwa. Ferberiti haing'ai.

Ugomvi wa Nyamulilo

Si wote waliokubali kwamba granaiti ndiyo mama wa wolframi. Mwaka 1959 mwanakemia P. G. Jeffery alichapisha utafiti juu ya kemia ya tungsteni katika miamba ya Protektorati ya Uganda, kazi iliyoitangaza nchi hii katika fani hiyo duniani. Kisha mwaka 1973 A. J. Reedman akaandika kuhusu Nyamulilo akitetea hoja nyingine: kwamba wolframi ilikuwamo katika tope tangu lilipotua chini ya bahari ya kale, na kwamba joto la baadaye liliisogeza tu kidogo na kuikusanya katika mishipa. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Wolframi ya Nyamulilo inafuata matabaka meusi kwa uaminifu wa ajabu, na granaiti haionekani juu ya ardhi pale mgodini.

Kwa mtu wa kawaida hili laweza kuonekana ni mabishano ya wasomi. Kwa mwenye leseni ni suala la fedha. Kama Reedman alikuwa sahihi, mtafutaji afuate tabaka jeusi popote liendapo, hata mbali na granaiti. Kama si sahihi, tabaka jeusi peke yake halitoshi: lazima kuwe na granaiti iliyojificha chini, na mkunjo wa kupitishia maji. Hizo ni ramani mbili tofauti na mashimo mawili tofauti ya kuchoronga.

Ushahidi uliegemea upande wa granaiti kupitia vitu vidogo sana. Kwatsi inapoganda hunasa ndani yake vitone vya maji yaleyale yaliyoileta. Mtaalamu hukata jiwe kuwa kipande chembamba kinachopitisha mwanga, huweka chini ya hadubini yenye jiko dogo, kisha hupasha moto taratibu na kutazama kitone. Povu la gesi lililo ndani likitoweka, joto hilo linaeleza kiasi cha chini cha joto la maji ya siku ile. Ukikigandisha, kiwango anachogandia kinaeleza kilivyokuwa na chumvi. Walter Pohl na Günther walifanya kazi hiyo kwa mishipa ya bati, wolframi na dhahabu ya ukanda huu na kuichapisha mwaka 1991, wakiyahusisha maji ya bati na wolframi na granaiti za mwisho. Baadaye Stijn Dewaele, Niels Hulsbosch na wenzao wa Ubelgiji walipima Nyakabingo, Gifurwe na migodi mingine ya Rwanda kwa vifaa vipya zaidi, wakafika karibu na hapo hapo. Tabaka jeusi halikuwa mama. Lilikuwa mkunga: lilitoa chuma na mazingira yaliyofanya wolframi iache maji na kuganda.

Umri nao umepimwa. Koltani ina urani kidogo ndani yake, na urani hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo jiwe lenyewe ni saa. Koltani ya Gatumba, Rwanda, ilitoa miaka kati ya milioni 975 na 936 hivi, yaani muda mfupi, kwa hesabu za miamba, baada ya granaiti kuingia.

Linalokera kidogo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii mpya imefanyika upande wa Rwanda, na Uganda imeachwa na karatasi za miaka ya 1950 hadi 1970. Vilima vya Kigezi havikukosa umuhimu. Mwaka 1970 Sahama, von Knorring na Lehtinen walitangaza madini mapya kwa sayansi kutoka Nyamulilo, yakaitwa cerotungsteti, na mwaka 1972 wakatangaza mengine, mpororoiti, yaliyopewa jina la Mpororo huko huko Kigezi. Kisha kimya. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972 na uchumi ukaporomoka. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilifilisika, Soko la Metali la London likasimamisha biashara ya bati, na bei ikaanguka. Migodi iliyobaki ikawa ya sululu na karai.

Alama za vidole

Wachimbaji wadogo wa leo wanatambua madini kwa uzito. Kasiteriti ina uzito karibu mara tatu ya kwatsi ya ukubwa uleule, kwa hiyo ukizungusha karai ndani ya maji, kwatsi hutoka na weusi hubaki. Tatizo ni kwamba weusi si wote bati. Koltani ni nyeusi na nzito, wolframiti vilevile, na mnunuzi mjanja hulipa bei ya ile iliyo rahisi. Kipo kipimo cha zamani ambacho hakihitaji maabara: chembe huwekwa juu ya kipande cha zinki na kumwagiwa asidi ya kloridi ya hidrojeni. Kama ni kasiteriti, baada ya dakika chache huvaa ngozi ya kijivu inayong'aa, ambayo ni bati lenyewe. Koltani haivai.

Swali zito zaidi ni mzigo umetoka mgodi gani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile ya Dodd-Frank, ilizilazimu kampuni kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo au nchi jirani. Mwaka huohuo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka na kukubaliana juu ya cheti cha kanda. Rwanda ilitangulia kukitoa mwaka 2013. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni yake Januari 2021. Lakini cheti ni karatasi, na lakiri ya plastiki kwenye gunia hufungwa na binadamu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara madini ya mashariki mwa Kongo kuvuka mpaka na kuuzwa kama ya nchi nyingine, ikiwamo koltani ya Rubaya baada ya M23 kuishika mwaka 2024. Rwanda hukanusha tuhuma hizo.

Hapa ndipo sayansi ya miamba inaingia mahakamani. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, yenye makao Hannover, ilianza mwaka 2006 kutengeneza njia ya kutambua asili ya koltani, kisha ikaongeza kasiteriti na wolframiti, ikishirikiana na Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu. Chembe kadhaa hupigwa leza, mvuke wake hupimwa, na viwango vya elementi adimu hulinganishwa na sampuli zilizochukuliwa kwenye mgodi uliotajwa katika hati. Kipimo hakisemi "gunia hili limetoka kijiji fulani". Kinajibu swali jembamba: je, yanayodaiwa yanawezekana?

Ugumu wake ndio huo huo uliosimuliwa juu. Granaiti za nchi tano ni za ukoo mmoja na rika moja, kwa hiyo madini yake yanafanana kama ndugu. Kinachotofautisha ni maelezo madogo: granaiti ile ilikuwa imekolea kiasi gani, maji yalisafiri umbali gani, yalipita katika mwamba mweusi au wa mchanga. Njia hii ina nguvu pale tu ambapo mgodi umeshapimwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mgodi usiokuwa na sampuli haufungi mtu wala haumtetei. Mchimbaji mwaminifu wa Ntungamo, kama kilima chake hakijapimwa, hana cha kumwonyesha mnunuzi wa Ulaya zaidi ya neno lake.

Uganda haijakaa bure. Kati ya 2004 na 2011, kwa fedha za Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na mfuko wa nchi za Nodiki, ndege zilipima usumaku na mionzi ya ardhi katika takriban asilimia 80 ya nchi, na Wafini wakasaidia kuchora ramani mpya. Mionzi hiyo hufichua granaiti hata chini ya migomba, kwa kuwa granaiti ina potasiamu, thori na urani kuliko matabaka yanayoizunguka. Sheria mpya ya madini ya 2022 nayo imemtambua mchimbaji mdogo na kumpa leseni yake. Rais Museveni amesisitiza kwa miaka mingi kwamba madini yasitoke nchini yakiwa ghafi. Kwa bati hilo linawezekana, maana linayeyushwa kwa tanuri la kawaida, na Kigali tayari wana kiwanda. Wolframi ni jambo jingine: hakuna tanuri la kawaida la kuiyeyusha, hupitia kemikali hatua kwa hatua hadi iwe unga, na viwanda vya kazi hiyo viko mbali na Maziwa Makuu.

Ramani za ndege za Uganda zinaishia kwenye Kagera. Za Rwanda zinaishia upande wa pili wa kilima cha Kirwa. Tanzania ilianzisha masoko ya madini mwaka 2019, na bati la Kyerwa lina soko lake, lakini takwimu za mauzo hazikai meza moja na zile za Isingiro, umbali wa mto mmoja tu. Kumbukumbu nyingi za Wabelgiji juu ya Kivu, Rwanda na Burundi ziko Tervuren, na mwanafunzi wa Kampala anayetaka kuandika tasnifu juu ya Nyamulilo atahitaji Kifaransa, viza na nauli, hata kama mgodi wenyewe anaweza kuufikia kwa basi la usiku la Kisoro.

Pale Kikagati, juu ya maporomoko ya Kagera, umeme wa kwanza ulizalishwa zamani kwa ajili ya migodi ya bati. Kituo kipya cha hapo kinagawanya umeme wake baina ya Uganda na Tanzania.